Cheti cha Msasa

Huko Tabaka, katika milima ya Kisii, mwanamume hapigi msasa. Atachimba machimboni lile jiwe laini la vinyago, atalipasua kwa panga, atalichonga kwa tindo na kisu mpaka kanga aonekane ni kanga na kiboko aonekane ni kiboko, na hapo kazi yake imekwisha. Anayelikwaruza jiwe likiwa kavu, akaliosha, akalisugua tena ndani ya beseni la maji kwa msasa laini, kisha akalipaka nta mpaka likang'aa, ni mwanamke. Hakuna aliyeitunga kanuni hii, na hakuna aliyewahi kuihoji. Mwanamume akionekana na karatasi ya msasa mkononi, majirani huulizana kama mkewe yu hai.

Thadeus Omosa alikuwa ameishi ndani ya kanuni hiyo tangu alipoota ndevu, wala hakuwahi kuiona. Yeye alichonga akiwa ameketi juu ya gogo, na mkewe Bonareri akaketi nyuma yake, upande wa kushoto, beseni likiwa katikati ya magoti. Thadeus akimaliza umbo alilipuliza vumbi, akapeleka mkono wa kushoto nyuma bila kugeuka, na mkono wa Bonareri ukawa uko pale pale kupokea. Hawakuambiana neno. Walizaa, wakalea, wakamwoza binti yao Lorna huko Suneka, na miaka yote hiyo mawe yalipita kutoka mkono huu hadi ule. Aliyeyanunua alisema amenunua kazi ya Omosa.

Vumbi halikujali nani anasifiwa. Lilitafuta kifua kilichokuwa karibu nalo zaidi, nacho kilikuwa cha Bonareri, aliyekuwa ameinamia mawe makavu tangu aolewe. Alianza na kikohozi ambacho kila mtu alisema ni baridi. Baadaye akashindwa kupanda kilima cha kwenda kanisani bila kusimama njiani. Katika hospitali ya misheni daktari aliinua picha ya kifua chake mbele ya dirisha, akawaonyesha yale mawingu meupe, akasema hayo ni makovu na makovu ya namna hiyo hayaponi. Dawa zingemsaidia kupumua, pamoja na pampu ya kuvuta, na kulazwa pale hali inapozidi.

“Lakini vumbi basi,” daktari alisema. “Mama, hata siku moja tena. Ukirudi kwa hiyo kazi, sitakuwa na la kukufanyia.”

Thadeus alitoka pale akiwa ameamua. Alikuwa na bahati ambayo wachongaji wenzake hawakuwa nayo: alikuwa mwalimu wa uchongaji katika chuo cha ufundi kilichojengwa na kaunti juu kidogo ya machimbo. Walimchukua wakati chuo kinafunguliwa, na hakuna aliyemdai karatasi, maana nani siku hizo angekuwa na karatasi ya kuchonga mawe? Kazi hiyo ilikuja na bima, na bima ndiyo iliyolipia picha, dawa, pampu na kitanda. Bonareri akakaa nyumbani, akapanda mboga, akafuga kuku. Pumzi aliyokuwa akiivuta ilitoka kwenye kazi ya mumewe, na wote wawili walilijua hilo ingawa hawakulisema.

Ndipo sheria ikafika Tabaka.

Sheria yenyewe, ukiisoma, haina ubaya. Iliandikwa na watu wenye nia njema, tena wenye viti vya kuzunguka. Ilisema nchi haiwezi kuendelea hivi, kila mtu anajiita fundi na nyumba zinaanguka. Kila ujuzi utapimwa, utapewa ngazi yake na kutambuliwa kitaifa, ili mwenye cheti cha Kisii aaminiwe Mombasa na hata ng'ambo. Ilisema pia kwamba hakuna atakayefundisha ufundi katika chuo cha umma bila cheti kinachotambuliwa. Na kwa kuwa walioitunga si watu wabaya, waliacha mlango: aliyejifunza kazi bila kupitia shule aje apimwe kwa mikono yake, na akifaulu apewe cheti sawasawa na wengine. Mlango mzuri sana huo, mimi mwenyewe nausifu. Ila ulipimwa kwa upana wa mtu mmoja, na Tabaka hakuna jiwe lililowahi kumalizwa na mtu mmoja.

Mkuu wa chuo, Jethro Mokua, alimwita Thadeus ofisini na kumpa kiti, jambo ambalo si kawaida yake.

“Mzee Omosa, hii maneno si yangu,” alisema. “Wakaguzi wamekuja. Muhula ikiisha kama huna cheti, jina yako inatoka. Lakini kuna hii njia ya kupimwa. Unachonga mbele ya asesa, anakuuliza maswali, basi. Unaogopa nini? Si wewe ndio umefundisha nusu ya Tabaka?”

“Nachonga nini?”

“Kitu moja, kutoka jiwe mpaka mwisho. Kuchagua jiwe, kukata, kuchonga, msasa, nta. Yote ufanye wewe mwenyewe.”

Thadeus alicheka. “Msasa? Mimi?”

Jethro hakucheka. “Wewe. Na mtu asikushikie hata kisu. Ukisaidiwa, wanaandika ni udanganyifu, na ukishaandikwa hivyo, kurudi ni miaka. Nimekwambia mapema, usiseme sikukwambia.”

Kwa hiyo Thadeus, mtu mzima mwenye wajukuu, alianza kujifunza msasa nyuma ya jiko lake mwenyewe, mahali ambapo migomba ilimficha asionwe na wapita njia. Mwalimu wake alikuwa Bonareri. Alisimama mlangoni, mbali na vumbi, leso imefunika pua na mdomo, akimwelekeza kwa kidole.

“Unaikwaruza hivyo kwani ni mgongo ya ng'ombe?” alimwambia. “Zungusha mkono. Polepole. Sikiliza jiwe na kidole, si na macho.”

“Kidole inauma.”

“Eeh! Kidole inauma!” Bonareri alicheka, na ilikuwa muda mrefu tangu acheke hivyo. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata na kumkunja, na Thadeus akatupa jiwe, akamshika mabega mpaka pumzi ikarudi. Ngozi ya ncha za vidole vyake mwenyewe ilikuwa imekwisha. Aliitazama, akaona haya kwamba katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwuliza mkewe kama vidole vinauma. Siku hizo alimpenda kuliko alivyompenda walipokuwa vijana, na kama angekuwa mtu wa kusema mambo kama hayo, angemwambia.

Alijifunza. Si kwamba alikuwa hodari, lakini jiwe alilolipiga msasa liliweza kutazamwa. Bonareri alilipapasa la mwisho, akaitikia kwa kichwa, akasema litapita.

Siku ya kupimwa, watu walijaa uwanja wa chuo utadhani kuna harusi. Mtahini alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa ziwani, Madam Eucabeth Akong'o, mwenye miwani na sauti ya upole. Alisimamisha simu yake juu ya miguu mitatu, akaielekeza kwa Thadeus, akaeleza kwamba itarekodi kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba picha zitakuwa zikienda Nairobi zenyewe kadiri zinavyonaswa.

“Usiwe na wasiwasi, mzee,” alimwambia. “Fanya tu vile huwa unafanya kila siku.”

Alimaanisha wema. Lakini ushauri mbaya zaidi ya huo hakuna ambaye angeweza kumpa.

Thadeus alikuwa amemwomba Bonareri abaki nyumbani kwa sababu ya vumbi. Lakini mke gani atabaki nyumbani siku kama hiyo? Alikuja kazi ikiwa imeshika kasi, leso usoni, thamosi ya uji mkononi. Wanawake waliokuwa wameketi walipomwona wakasogea kumpisha, naye akaketi palipokuwa wazi. Palipokuwa wazi ni nyuma ya Thadeus, upande wa kushoto, karibu na beseni ambalo chuo kilikuwa kimemwandalia mtahiniwa. Hakuna aliyeona kasoro. Jethro mwenyewe alimwona akiketi na hakusema kitu, kwa sababu macho yake yalikuwa yamezoea kumwona mwanamke huyo mahali hapo.

Thadeus hakumwona kabisa. Alikuwa ameshazama. Alikuwa anachonga kanga, na sasa alikuwa amefika shingoni, mahali ambapo jiwe huwa jembamba na mchongaji hubana pumzi. Madam Eucabeth alimwuliza kwa nini aliliacha lile jiwe jeupe zaidi. Akajibu bila kuinua kichwa kwamba lile lina mshipa, litavunjika. Mtahini akaandika akitabasamu. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe. Hofu ilikuwa imemtoka, na pale gogoni palikuwa na jiwe na kisu tu. Shingo ikatoka, kichwa kikatoka, na kishungi kidogo juu yake. Alimgeuza kanga huku na huku, akaona ni mzuri, akafurahi kwa moyo wake wote. Akampuliza vumbi.

Kisha akapeleka mkono wa kushoto nyuma, bila kugeuka, na Bonareri akapokea.

Akapokea, akalitumbukiza jiwe majini, akachukua msasa uliokuwa pembeni ya beseni, akaanza kusugua kwa kuzungusha. Thadeus alikuwa anafuta kisu chake kwenye suruali na kukunja mgongo kujinyoosha, kama afanyavyo akimaliza umbo. Jethro alishika kichwa kwa mikono miwili. Mwanamke mmoja akapiga kelele kwa Kikisii:

“Bonareri, tiga! Acha!”

Bonareri akaacha. Alitazama mikono yake iliyokuwa ndani ya maji, akamtazama Thadeus, na Thadeus akageuka. Waliangaliana hivyo.

“Mama, tafadhali, weka jiwe chini,” Madam Eucabeth alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Mzee, huyu ni nani?”

“Ni bibi yangu.”

“Umempatia jiwe akusaidie?”

Thadeus alitazama mkono wake wa kushoto. “Sijampatia, madam. Mimi najua kupiga msasa, nimejifunza. Niulize chochote. Ni mkono tu.”

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Jethro alijitosa mbele, akaeleza mila, akaeleza kwamba huku kazi ndivyo inavyokwenda, kwamba hata mtoto mdogo wa Tabaka angefanya vivyo hivyo. Madam Eucabeth alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Naelewa, mwalimu,” alisema. “Hata kwetu kuna kazi ya wanaume na kazi ya wanawake. Ingekuwa ni macho yangu peke yake, ningeangalia kando. Lakini ile simu imeona, na imeshatuma. Nikiandika kitu tofauti, mimi nafutwa, na wanafunzi wako wote wanaulizwa vyeti vyao vimetoka wapi. Na kwa hii karatasi hakuna mahali ya kuandika mila.”

Akaandika alichopaswa kuandika: udanganyifu.

Njiani kurudi nyumbani Bonareri alisimama mara nyingi kutafuta pumzi. Alikuwa analia, na kulia na kupumua kwa pamoja kulimshinda. “Ni mimi,” alisema. “Uliniambia nikae nyumbani.”

“Ni mimi nilitoa mkono.”

“Lakini kama singekuwa hapo, ungetoa mkono kwa nani?”

“Nyamaza, Mama Lorna. Ni mimi.”

Walibishana hivyo mpaka langoni, kila mmoja akitaka kosa liwe lake.

Muhula ukaisha na kazi ikaisha. Bima nayo ikakatika. Jethro alikuja mwenyewe kumuaga Thadeus, akashindwa kumtazama usoni, akaondoka bila kunywa chai. Thadeus alirudi kuchonga, lakini bila pesa ya kumlipa mwanamke mwingine, nani angepiga msasa? Yeye mwenyewe alijaribu, kazi ikatoka mbovu na polepole, na madalali wakaikataa. Akawa anauza mawe yakiwa hayajalainishwa, na bei ya jiwe lisilolainishwa ni ya kukutia aibu. Dawa za Bonareri zilipungua. Pampu ilipoisha alianza kulala akiwa ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akilala chali pumzi haiji.

Na Madam Eucabeth, kule alikokuwa, hakuwa na raha. Lile jambo lilimkaa rohoni. Akafukua vitabu vyake vya viwango, akagundua kwamba kulainisha na kung'arisha mawe ni sehemu inayojitegemea, na mtu anaweza kupimwa kwa hiyo tu na kupewa cheti chake. Alipopangiwa kuja tena chuoni kuwapima mafundi wa cherehani, alimpigia Jethro simu.

“Yule mama,” alisema. “Niliona mikono yake kwa ile video. Mwambieni aje. Angalau hiyo nyumba ipate kitu.”

Alidhani anafanya wema, na wema ulikuwa. Mimi sina ugomvi na Madam Eucabeth. Ugomvi wangu ni na mahali wema wake ulikofika.

Thadeus alikataa katakata. “Daktari alisema hata siku moja.”

“Itakuwa hiyo moja,” Bonareri alisema. “Nitafunga leso. Na nitalowesha jiwe mapema, vumbi isiruke.”

“Ya nini sasa? Utapeleka wapi hiyo karatasi?”

Bonareri alifikiri. “Mimi sina karatasi yoyote yenye jina yangu,” alisema. “Shule sikumaliza. Kanisani tuliandikwa kwa jina yako. Mawe yaliitwa ya Omosa. Niko na kadi ya kliniki peke yake. Wacha nipate moja.”

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Thadeus alikubali. Siku hiyo aliketi mbali kabisa, karibu na lango la chuo, mikono ameikunja na kuibana kwapani, asije akafanya kosa lingine. Kutoka pale alimwona mkewe ameketi peke yake mbele ya simu ya miguu mitatu, mgongo umenyooka, mkono unazunguka. Madam Eucabeth alikuwa akimwuliza na yeye akijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, na mara moja walicheka wote wawili. Thadeus aliona fahari, na chini ya ile fahari aliona wivu, kisha akajichukia kwa ule wivu.

Cheti kilipokuja kilikuwa na nembo ya taifa na jina lote la Bonareri. Walichinja kuku. Lorna alikuja kutoka Suneka, akakipiga picha, akaituma kwa kila mtu anayemjua.

Picha hiyo ndiyo iliyomfikia Onsongo.

Onsongo alikuwa mfanyabiashara wa kupeleka vinyago ng'ambo, mwenye banda refu la mabati kwenye barabara ya kuelekea mjini. Alifika kwa pikapu, akakaribishwa, akanywa chai, akatoa shida yake. Wanunuzi wake wa nje wamekuwa wagumu. Siku hizi wanataka kujua kazi imefanywa na nani, na kama huyo mtu anatambuliwa na sheria ya nchi yake. Wachongaji wenye vyeti amepata wawili watatu. Wa msasa hakuna hata mmoja.

“Wanawake niko nao wengi, lakini karatasi hawana,” alisema. “Huyu mama ako nayo. Atakuwa supavaisa. Nitamwandika kabisa, na bima.”

Kwa neno hilo la mwisho Bonareri aliinua macho.

“Supavaisa anakaa wapi?” Thadeus aliuliza.

“Anakaa na wenzake. Atakaa wapi tena?”

“Ndani ya banda?”

“Omosa, hiyo ni kazi ya mawe, si ya benki.” Onsongo aliweka kikombe chini. “Hata wewe ningekuchukua. Lakini jina yako iko na alama kwa kompyuta. Wanunuzi wakiona hiyo, wananifungia mzigo.”

Alipoondoka, Thadeus alisimama katikati ya nyumba. “Huendi,” alisema.

Siku hizo Bonareri alikuwa anagawanya pumzi yake, maneno machache kwa kila moja. “Dawa iliisha,” alisema. “Wewe unajua.”

“Nitatafuta.”

“Umetafuta, Baba Lorna. Nimekuona ukitafuta.” Akapumzika. “Nikikaa hapa nakufa bila dawa. Nikienda nakufa na dawa. Kama kuna njia ingine nionyeshe, nitaifuata.”

Thadeus alitafuta mtu wa kumkasirikia. Alimpitia Onsongo, akampitia Jethro, akampitia yule mama wa ziwani na simu yake, akawafikia hata wabunge asiowajua waliokaa wakaitunga ile sheria. Kila mmoja aliyemfikia alikuwa amefanya jambo ambalo ukimwuliza atakueleza sababu yake, na sababu ingekuwa nzuri. Hasira ikazunguka na kumrudia yeye. Alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko, akalia kama mtoto, na alipoosha uso na kurudi ndani alimkuta Bonareri anapiga pasi gauni lake la kwenda kanisani. Supavaisa hawezi kwenda kazini na leso kuukuu.

Alianza kazi. Onsongo alikitia cheti kwenye fremu ya kioo, akakitundika ndani ya banda mahali ambapo wageni wataona. Bonareri aliketi chini yake na wanawake wengine, beseni mbele yake, vumbi la wachongaji likiingia kutoka upande wa pili. Wageni walipokuja walikipiga picha, naye akiwa ndani ya picha. Jioni alirudi mweupe wa vumbi mpaka kope, na Thadeus alimwosha kwa maji ya moto, kichwa, shingo na mikono, kila siku, na vumbi halikuisha.

Bima ikaanza kufanya kazi. Wakaenda hospitalini na kadi mpya. Wakamkuta daktari mwingine, kijana aliyehamishwa juzi kutoka Sironga, mwenye adabu nyingi. Alisikiliza kifua cha Bonareri mbele na nyuma, akatazama picha mpya, akarudia kuitazama. Kisha akavuta kalamu.

“Mama unafanya kazi gani?”

Maisha yake yote swali hilo Bonareri alikuwa akilijibu kwamba yeye ni mama wa nyumbani tu. Sasa aliinua kidevu.

“Mimi ni fundi,” alisema. “Fundi wa msasa. Niko na cheti ya serikali.”

Alilisema kwa sauti iliyokuwa wazi, pengine neno lake refu zaidi wiki hiyo, na Thadeus aliyekuwa ameketi kando yake aliona fahari na maumivu kwa pamoja.

Daktari aliweka kalamu chini. “Mama, hiyo kazi uache leo.”

“Nikiacha,” Bonareri alisema, akaisukuma ile kadi ya bima juu ya meza kumwelekea, “hii inafungwa.”

Daktari aliitazama kadi. Alimtazama Thadeus, kana kwamba mume ndiye atakayekuwa na jibu. Basi yule kijana akafanya alichoweza, akaandika dawa zote zilizowezekana, na pampu mbili badala ya moja. Akawasindikiza mwenyewe mpaka dirisha la dawa.

Jumatatu pikapu ya Onsongo ilipiga honi barabarani. Wanawake wengine walikuwa tayari nyuma ya gari, wameketi juu ya magunia. Bonareri alitembea kutoka mlangoni hadi langoni, akasimama, akavuta pampu, akatembea tena mpaka garini. Aliweka mguu mmoja pale pa kukanyagia, akashika ubao, akajaribu kujivuta, akarudi chini. Akajaribu tena. Pumzi haikuwepo. Dereva alikuwa anatazama saa, na wanawake walinyoosha mikono lakini hawakumfikia.

Thadeus akaja nyuma yake. Akamshika kiunoni kwa mikono miwili, na alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Akamnyanyua, akampandisha.